Baba Amekurudishia Wimbo

Ghorofani, juu ya duka la viatu,
Jumapili asubuhi, tarehe nane, mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Kabla ya yote, hujambo? Shemeji hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo lake? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua ukikaa sana mazoezini? Nijibu swali moja baada ya jingine. Usiniandikie "wote wazima" halafu ukadhani umemaliza kazi.

Sisi huku wazima. Goti langu, hili la kukanyagia cherehani, limeanza kulalamika, lakini na mimi nalalamika kulizidi, kwa hiyo tunaelewana. Mume wangu amenenepa. Nimemtanulia suruali kimyakimya, naye anazunguka akijisifu kwamba mwili wake haujabadilika tangu harusi yetu. Baba anakula vizuri, analala vizuri, na kila asubuhi anatembea mpaka kona ya posta na kurudi. Habari zake nyingine zinakuja.

Najua umeshangaa kupata barua. Ningekupigia simu, lakini kila nikimtaja Baba kwenye simu, ghafla unakumbuka kuna kitu umekiacha jikoni. Mdogo wangu, hakuna mtu duniani anayepika kiasi hicho. Barua haikatiki. Ukiikunja itakungoja palepale mezani. Kwa hiyo keti, na kama kweli kuna kitu jikoni, nenda kakizime kwanza.

Habari kubwa ni kwamba Baba anastaafu. Usicheke. Najua amekuwa akitishia kustaafu tangu sisi tunavaa sare za shule, kila tarumbeta likichelewa kuingia. Safari hii ni kweli. Wakubwa wa redio wamemwandalia onyesho la kumuaga kwenye ukumbi mkubwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, na wamemwachia achague mwenyewe kila kitakachopigwa. Mimi nimepewa kazi ya kuwashonea wanawake wa okestra magauni mapya meusi. Nimewashonea mapana, yenye mikono mirefu, maana wengine wamejaliwa na wengine wana aibu, na gauni pana halimsemi mtu.

Redio ilimtuma mwandishi wake aje kuchukua habari za maisha ya Baba, wazichape kwenye karatasi ya onyesho. Unamjua mzee wako. Kijana wa watu aliuliza alianzaje kazi, Baba akamjibu, "Nilikuwa na njaa, na hoteli ilikuwa na piano." Akaulizwa ametunga vipande vingapi, akasema hajui, yeye hutunga, hahesabu. Kisha akaanza kumenya chungwa, na ukimwona Baba ameshika chungwa ujue mazungumzo yamekwisha. Ikabidi niseme mimi, mimi ambaye nikipiga mluzi hata paka anatoka chumbani.

Basi nilimweleza. Kwamba alianzia kwenye chumba cha kulia cha hoteli, akipiga piano nyuma ya watu wanaotafuna, na hapo ndipo alipojifunza kuwapigia watu waliochoka bila kuwasumbua. Kwamba baadaye alikusanya bendi ndogo ya harusi na dansi, na kwa kuwa kila wiki kuna mtu aliyekosekana, ilibidi aupange muziki wote upya kulingana na waliotokea. Leo tarumbeta hayupo, basi klarineti abebe. Leo klarineti anaumwa jino, basi fidla. Watu wanamwuliza alisomea wapi kupanga muziki. Hakusomea popote, alifundishwa na watoro.

Halafu redio ikamchukua, ikampa okestra nzima, watu thelathini na ushee wenye mishahara na visingizio. Muziki wa kabla ya habari ni wake. Wa hali ya hewa ni wake. Ule wa tangazo la sabuni ni wake, ule ambao mji mzima unauimba bafuni bila kujua umetungwa na nani. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na mtu maarufu ambaye hakuna anayemjua. Mchango wangu mimi nao nilimtajia mwandishi: kwapa la kulia la koti la Baba. Alivyokuwa akirusha ule mkono kuwanyanyua wapigaji, kila baada ya onyesho koti lilikuwa likiletwa kwangu limechanika palepale. Kijana akacheka, akaandika na hilo.

Kuna jambo moja sikumwambia, kwa sababu nilitaka wewe uwe wa kwanza kulijua. Ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Unakumbuka namna Baba anavyoandika. Haandikii chombo, anamwandikia mtu. Mpigaji mpya akija, kwanza anaitwa nyumbani, analishwa, anasikilizwa anavyocheka na anavyobishana, ndipo Baba anashika penseli. Juu ya karatasi haandiki fidla ya kwanza, anaandika Kidevu, kwa sababu yule mama anawaongoza wenzake kwa kidevu. Haandiki selo, ile fidla kubwa ya sauti nene, anaandika jina la utani la rafiki yake, Mzee Mvivu. Na pembeni anawawekea maneno yake: hapa usikimbie, hakuna moto, hapa cheka, lakini funga mdomo. Wewe alikuita Chiriku ungali mchanga kabisa, kwa vile ulikuwa hukai kimya. Ule wimbo aliutunga akikubembeleza, anatembea nawe huku na huku sebuleni, na ndio uliokuja kuwa wa kufungulia kipindi cha muziki cha Jumapili. Ulipokua ukaingia okestra na filimbi yako, ukaupiga mwenyewe. Mimi nilikuwa nakusikia redioni huku nakata vitambaa, na mkasi ulikuwa unasimama wenyewe.

Yaliyofuata nisingependa kukukumbusha, ila siwezi kuyaruka. Ulifika mazoezini siku ile, ukafungua karatasi zako za nota, ukakuta wimbo wako haumo. Umeteremshwa kwenye selo, kwa Mzee Mvivu. Wewe umeachiwa kukaa kimya karibu mwanzo hadi mwisho, na nota chache za kumalizia, kama mtu aliyepewa makombo. Ukamwuliza Baba kwa nini, mbele ya watu wote, naye akakujibu kwa ukavu, "Selo inafaa zaidi." Ukaifunga filimbi yako, ukamwambia Mzee Mvivu maneno ambayo sitayarudia kwenye karatasi nzuri kama hii, ukatoka. Muda si mrefu ukawa umepata kazi huko uliko, na ukafunga virago.

Miaka yote hii umeamini kwamba Baba alikuona hufai. Usikatae. Ulimwambia shemeji, shemeji akamwambia mume wangu, na mume wangu hajawahi kuficha kitu zaidi ya ukubwa wa tumbo lake.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshuka dukani kununua uzi. Narudi, nipo kwenye ngazi, nasikia birika langu linapiga kelele. Unalijua, lile lenye mdomo unaolia maji yakichemka. Majirani wote wanalijua. Nikadhani Baba ametoka akalisahau. Naingia, namkuta amekaa mezani, birika liko nyuma ya kisogo chake linalia kama limeibiwa, na yeye anaandika nota zake kwa utulivu kabisa, anatikisa kichwa kidogo kidogo kufuata muziki anaousikia mwenyewe. Nikazunguka mbele yake, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Baba, nikupe chai?" Akaniitikia vizuri tu. "Nipe, mwanangu. Nilibandika birika kitambo, sijui mbona halichemki."

Nilimpeleka kwa daktari wa masikio kwa hila. Nilimwambia mgonjwa ni mimi, anisindikize. Daktari alikuwa ananawa mikono huku anaimba ule wimbo wa sabuni, na Baba hakuweza kujizuia, akamwambia, "Hapo unapanda mapema, subiri kidogo." Walikuwa marafiki tayari. Kwa hiyo nilipomsogezea Baba kiti cha mgonjwa alinitazama mara moja, akaelewa, akakaa.

Akavikwa vile vitu vya kusikilizia, akaambiwa kila akisikia mlio anyooshe mkono. Mimi nilikaa upande wa daktari, naona kijitaa kinachowaka kila mlio unapotoka. Ile minene Baba aliinyooshea mkono kwa madaha, unajua anavyofanya, kama anaikaribisha iingie. Milio ikapanda, mkono ukapanda. Ikapanda tena, mkono ukasita. Halafu taa ikawaka, na mkono wa Baba umelala gotini. Ikawaka tena. Daktari akaongeza sauti mpaka mimi mwenyewe, niliyekaa kando, nikasikia kitu chembamba kikilia. Baba anatutazama, anatabasamu, anangoja tuanze. Chiriku, ule mkono. Mkono ulionichania makoti yote yale, umelala tu gotini. Nililia palepale mbele ya daktari wala sikuona haya.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamwuliza hali hii imeanza lini. Nilitegemea aseme mwaka jana. Akasema, "Za juu ziliniaga zamani. Zilikuwa zinaondoka moja moja, mwanangu. Filimbi ndiyo iliyotangulia."

Nikamwuliza, "Na Chiriku?"

Akasema, "Wengine niliwakisia. Namwona mtu vidole vyake, najua anapiga nini, maana nimekiandika mwenyewe. Yeye nilishindwa kumkisia. Alikuwa anaupiga wimbo wake hapo mbele yangu, vidole vinacheza, na mimi sisikii kitu. Akimaliza ananitazama, anataka kujua kama amepiga vizuri. Ningemwambia nini? Nimwambie vizuri, na sijasikia hata nota moja? Sijawahi kumdanganya mtoto wangu kwenye muziki."

Ndiyo hayo, mdogo wangu. Aliuteremsha wimbo kwa sababu kule chini bado alikuwa anausikia. Angeuacha juu angeupoteza kabisa.

Unajiuliza kwa nini hakusema. Na mimi nilimwuliza, tena kwa ukali, nilimkaripia baba yangu mzazi njiani watu wanapita. Kwanza akaniletea sababu za maana: redio ingemwondoa, okestra ingevunjwa, kuna watu wana watoto wa kulisha. Nikamwambia, Baba, hizo ni za wakubwa wa redio, mimi nipe ya kwangu. Akainamisha kichwa. Akasema aliona haya. Aliona haya kwako. Kila mwaka aliahidi moyoni kwamba atakuandikia akueleze, na kila mwaka aliona amechelewa zaidi. Sijatia chumvi hata chembe, hivyo ndivyo alivyosema.

Cha kuchekesha, maana na kicheko kipo, ni kwamba magazeti yalikuwa yakimsifu. Yaliandika kwamba bwana mkubwa amepata sauti mpya, nene, ya utu uzima. Kidevu alikuwa akilalamika kwamba fidla zake siku hizi zinatembea chini kwa chini kama zinatafuta sarafu iliyoanguka. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na kumbe mzee wa watu alikuwa anakusanya tu vile alivyobakiwa navyo. Hata koti nililiona lakini sikulielewa. Tangu uondoke, koti la Baba limekuwa likirudi zima. Nikadhani ni mimi nimekuwa fundi hodari.

Aliyejua peke yake ni Mzee Mvivu. Alishtuka siku ileile alipopewa wimbo wako, akambana Baba, akaambiwa ukweli na kuapishwa. Halafu akayabeba yale maneno yako yote bila kujitetea. Nilimwuliza alivumiliaje. Akanijibu, "Selo ni chombo kikubwa, binti yangu, mtu unaweza kujificha nyuma yake." Hana kinyongo na wewe hata kidogo. Anasema tu mkono wake umechoka kubeba mtoto wa mwenzake, aje mwenyewe amchukue.

Na hapa ndipo ninapotaka ufike. Wiki iliyopita Baba alirudi kutoka mazoezini, akavua koti, akalitupa kwenye kiti changu kama zamani. Nikalinyanyua. Limechanika kwapani, kulia. Nilikaa nalo mapajani sijui kwa muda gani.

Amekurudishia wimbo. Ndio wa mwisho katika onyesho, na ameuandika upya wote, filimbi juu kabisa, selo chini inakusindikiza tu. Juu ya karatasi ameandika Chiriku. Yule dada anayepiga filimbi siku hizi, mtu mwema sana, alimwuliza kama Chiriku ni yeye. Baba akamwambia, "Hapana, wewe nimekupa sauti ya pili, utakaa karibu naye." Dada wa watu amefurahi, anasema alianza kupiga filimbi kwa kukusikiliza wewe redioni.

Nilimwambia, "Lakini Baba, hata akija hutamsikia."

"Sitamsikia," akasema. "Nitamwona akivuta pumzi. Mabega yake huwa yanapanda kidogo kabla ya nota ya kwanza. Tangu mtoto alikuwa hivyo, kabla hajaanza kulia. Yakipanda tu mabega, kilichobaki nakijua chote."

Nikamwuliza, na asipokuja? Akasema hampi mtu mwingine. Okestra itapiga, na pale pako patapita kimya.

Hebu fikiria, mdogo wangu. Masikioni mwake patakuwa kimya vilevile, uje usije. Tofauti yote ataiona kwa macho.

Una haki ya kukasirika. Mimi pia nilikasirika, nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja kwa hasira. Kasirika vya kutosha, mwite majina yote yanayokujia, mnunie hata wiki nzima. Ila ukimaliza, jikaze kisabuni, kama anavyoimbwa yule mama wa tangazo, ukate tiketi. Chumba chako kipo. Nimekiondolea vitambaa vyote, karibu vyote.

Nisalimie shemeji sana, mwambie namshukuru kwa kuwa na mdomo mwepesi, safari hii umetusaidia. Huyo binti mwenye pengo mbusu kwa niaba yangu, mwambie mama yake mkubwa anamngoja na babu yake hajawahi kumshika mkono. Mume wangu anakusalimu. Kidevu anakusalimu, kwa kidevu. Mzee Mvivu anakusalimu kwanza kabla ya wote, nimemweka mwisho kwa sababu ya jina lake.

Mungu akutunze huko uliko, akufungulie njia, akufikishe kwenye ngazi hizi salama, wewe na wako. Akitupa na sisi uzima wa kukuona unazipanda, sitamwomba kingine mwaka huu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Dada Mkasi

Nilikuwa nimeshaikunja barua, Baba akaingia. Hakuuliza namwandikia nani. Alisimama mlangoni akiyatazama magauni yaliyoning'inia, akasema, "Hayo magunia yako, la kwake usilifanye hivyo. Mshonee la kuacha mabega wazi." Kisha akaenda zake kumenya chungwa. Kwa hiyo sitaki jibu refu, Chiriku. Nitumie kipimo cha mabega.